Vigari Thelathini na Moja na Pikapu Moja

Naomba mnisamehe mwandiko kabla hatujafika mbali. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeshika spana mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza peke yake umenichukua asubuhi nzima, na bado kuna maneno sina uhakika nayo. Pale nilipokosea herufi, soma tu unavyodhani nilitaka kusema.

Kuongea nako sikuwezi. Mgeni akija nyumbani namwamkia, kisha natafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba mpaka aondoke. Lakini kuna jambo lilitokea kwetu mwaka jana ambalo nimelisimulia kichwani mwangu mara nyingi sana, nikaona bora niliandike. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Nianze na vigari, maana ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Ninavyo thelathini na moja, vile vidogo vya chuma vya kiwandani. Vinakaa ndani ya bati la biskuti, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake ili visikwaruzane rangi. Kabla ya hivyo nilikuwa natengeneza vyangu mwenyewe kwa waya, magurudumu nakata kwenye kandambili zilizochakaa, na usukani mrefu wa kushika huku nakimbia. Vitatu vya waya bado vipo, vimening'inia ukutani juu ya kitanda changu. Vya chuma nilianza kuvipata sokoni. Kuna mama anauza mitumba, na kwenye marobota ya nguo za watoto huwa vinadondoka vitu vingine: soksi ya mguu mmoja, mwanasesere asiye na kichwa, vifungo, na mara mojamoja kigari. Yeye huvitupia vyote kwenye beseni. Siku ya kwanza nilipomuuliza kama kuna kigari, aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Mwanao ana miaka mingapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikasema, "Minne."

Tangu siku hiyo, kila nikipita ananiuliza, "Mtoto hajambo?" nami najibu hajambo. Kwa hesabu zangu mtoto huyo sasa yuko darasa la kwanza.

Vigari vya kwenye beseni karibu vyote ni vibovu. Gurudumu limechomoka, mlango haufungi, ekseli imepinda. Navitengeneza. Kimoja gurudumu lake ni kifungo cha shati. Kingine, pikapu ndogo ya kijani, taa yake ya kushoto ni shanga niliyoiokota kwa Bibi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kitu kisipotembea, hukisukumi kwa nguvu. Unakigeuza, unatazama chini yake.

Riziki yangu inatoka kwenye pedi za gemu. Huku mtaani kwetu Gongoni kuna kibanda cha gemu, televisheni tatu na mabenchi, na vijana wanabonyeza zile pedi kama wanakanda unga wa chapati. Vitufe vinazama, waya zinakatika. Mimi nakaa pembeni na bisibisi yangu ndogo naziponya, na kukiwa na nafasi nacheza mbio za magari. Kwenye mbio za magari sishindwi hovyo. Ila sijawahi kushangilia kwa sauti, na wenzangu hilo linawakera.

"Mzee wa vigari huyo!" wanasema nikiingia. "Leo umekuja na gari gani? Lile la mfuko wa kulia au la mfuko wa kushoto?"

Mwenye kibanda, kaka mmoja mnene asiye na makuu, huwa ananitetea. "Mwacheni. Siku akigoma huyu, nyote mtarudi kucheza bao."

Sasa nije kwenye gari lenyewe.

Baba alikuwa na pikapu. Ilikuwa ya kijani zamani, baadaye rangi ikafifia ikawa kama maji yaliyochemshiwa mchicha. Alikuwa akienda nayo vijijini kununua asali na nta kwa wafuga nyuki, anazileta mjini. Mpaka leo ukifungua mlango wake jua likiwa kali, ndani kunanukia asali. Mimi nilikuwa napanda nyuma, katikati ya madumu, na nikirudi nyumbani nywele zangu zinanata. Baba aliugua, akafariki nikiwa na miaka kumi na sita. Baada ya hapo pikapu ilikaa uani miaka minne bila mtu kuiwasha. Kuku walitagia kwenye kiti cha abiria. Mama alikuwa anaanika michembe juu ya boneti, maana viazi vikishakatwa vinataka mahali pakavu penye joto, na hapakuwa na mahali bora kuliko pale. Mimi nilikuwa nakaa ndani yake nikitengeneza vigari vyangu. Nilikuwa naona kama bado nimesindikizana na mtu.

Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa akiishi peke yake kijijini, mbele ya mji mdogo wa Isikizya. Magoti yalianza kumsumbua, kuchota maji ikawa shida. Mwanawe aliyebaki ni mmoja, Baba mdogo, ambaye ni fundi mwashi. Yeye amepanga chumba kimoja na familia yake, hana uwanja. Basi akakubaliana na Mama kwamba Bibi aje kukaa kwetu, na chumba chake akijenge yeye Baba mdogo kwa mikono yake, uani. Akaja na futi kamba na vigingi. Akapima, akapigilia kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kikaangukia chini kabisa ya bampa la pikapu.

Alisimama pale akijikuna kidevu.

"Shemeji, hili lazima litoke."

"Litoke liende wapi?" Mama akauliza. Alikuwa anageuza michembe, hakuinua kichwa.

"Kuna mtu wa vyuma chakavu namfahamu. Anakuja na mtungi wake wa gesi, anakata, anabeba vipande. Siku moja tu, uwanja mweupe."

Mama akageuza michembe ileile mara mbili. Nilimwelewa. Hakutaka gari likatwe, lakini alimtaka Bibi awe na chumba, na huwezi kumwambia mtu asimjengee mama yake kwa ajili ya gari lisilotembea. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya hata kidogo, na hilo ndilo lililonibana. Kama angekuwa na roho mbaya ningemchukia nikamaliza.

Nikasema, "Linaweza kutoka lenyewe."

Baba mdogo aligeuka akatazama mlangoni, akidhani kuna mgeni ameingia. Hakuwa amenisikia nikisema sentensi nzima kwa muda mrefu.

"Nani kasema?"

"Mimi. Likitembea, litalala pale mbele, upande wa barabara. Chumba cha Bibi kitajengwa hapa."

"Likitembea!" Akapiga kofi kwenye mlango wa pikapu, kuku akatoka dirishani akipiga kelele. "Mwanangu, hili si gari tena. Hili ni banda lenye usukani."

"Mpe nafasi," Mama akasema.

Baba mdogo alifikiri kidogo. Kisha akatoa sharti lake, na naliandika kama alivyolisema. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, karanga zikishavunwa, tungekwenda kumchukua Bibi. Kama pikapu hii ingekwenda mpaka kijijini na kumfikisha Bibi nyumbani kwetu, ingebaki. Kama ingeshindwa, mtu wa vyuma angekuja Jumatatu yake.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sema, nisikie."

"Ndiyo, Baba."

Nilikuwa na wiki tatu na nusu. Mimi si fundi wa magari. Nilichokuwa nacho ni ile miaka ya kumshikia Baba spana, na vigari thelathini na moja. Nikaamua kulitazama gari lile kama kigari kikubwa. Kila nilichokifungua nilikichora kwenye daftari, kisha nikakilaza juu ya gunia kwa mpangilio, bolti karibu na tundu lake. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo mpaka pakaziba. Plagi nilizisugua, platini, zile ncha za umeme wa cheche, nikazipitisha msasa. Gurudumu la nyuma lilikuwa limegandia breki. Nilipambana nalo siku tatu kwa nyundo na oili chafu mpaka likaachia kwa mlio kama wa mtu anayepiga chafya.

Tenki la petroli lilikuwa limetoboka kwa kutu, kwa hiyo injini niliijaribu kwa chupa. Unaning'iniza chupa ndogo ya petroli juu ya boneti, unaunganisha mpira mpaka kwenye kabureta, gari linanyonya kutoka pale. Betri sikuwa nayo. Mwenye kibanda cha gemu anayo moja, ya kuwashia televisheni umeme ukikatika, akaniazima. Na siku hiyohiyo umeme ukakatika. Nikiwa nimeinama kwenye injini nikasikia geti linasukumwa, wameingia vijana sita.

"Mzee wa vigari, rudisha betri! Nilikuwa naongoza mbili bila!"

"Dakika moja," nikasema.

"Dakika moja ya nini? Hilo kopo litawaka?"

Nikageuza ufunguo. Likakohoa, likanyamaza. Likakohoa tena. Mara ya tatu likashika, likatoa moshi mweusi uliomfukuza kuku wa mwisho, na likanguruma. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Wale vijana hawakucheka. Yule aliyekuwa akiongoza mbili bila aliweka kiganja chake ubavuni mwa gari, akasema taratibu, "Loo. Linatetemeka kama ng'ombe." Tangu siku hiyo jina la utani halikubadilika, ila lilivyotamkwa lilibadilika.

Likabaki tenki. Tundu lilikuwa chini kabisa, dogo kama punje ya mtama. Wachomeleaji wawili niliowaendea walikataa. Walisema tenki lililokuwa na petroli hawaligusi kwa moto, na sikuwalaumu. Nikakaa nikafikiri. Nikamkumbuka Bibi.

Kwa Bibi kila kitu kilizibwa kwa nta. Kibuyu kikipasuka, nta. Ndoo ikivuja, nta. Dumu la asali likichanika, Bibi anachukua donge la nta, analikanda viganjani mpaka lilainike, anachanganya na majivu kidogo, anagandamiza kwa ndani na kwa nje, kisha analiacha kivulini. Vitu vyake havikuvuja. Nimekulia kwenye harufu hiyo, na ndani ya pikapu yenyewe kulikuwa na kipande cha nta cha Baba, kimesahaulika chini ya kiti. Nilikiona kama kimeachwa kwa ajili yangu.

Nikaziba kama Bibi. Nikapaka nta nyingi, kwa ndani kupitia kwenye tundu la geji ya mafuta na kwa nje. Kisha nikalijaza tenki maji, nikaliweka juu ya matofali kutwa nzima na karatasi kavu chini yake. Halikudondosha hata tone. Nikalimwaga, nikalikausha juani siku mbili, nikalirudisha mahali pake. Petroli ningetia asubuhi ya safari. Jioni ile nilikula ugali mpaka Mama akashangaa.

Jumamosi ikafika, na ile betri ya kibandani nikaiazima tena. Baba mdogo ndiye aliyeendesha, kwa sababu ana leseni. Zamani alikuwa utingo kwenye malori ya tumbaku, kisha dereva, kabla hajashika mwiko wa uashi. Alipanda, akasogeza kiti, akaweka mkono kwenye gia. Kile kirungu cha gia kimelika upande mmoja, pale kiganja cha Baba kilipokuwa kikikaa. Baba mdogo alikiangalia.

"Humu ndani kunanukia kaka," akasema. Akatia gia, tukatoka, tukaipita Isikizya.

Gari lilikwenda vizuri. Mlango wangu ulikuwa unagonga, nikaushika kwa mkono safari nzima, lakini injini ilikuwa safi. Bibi tulimkuta ameketi kwenye kigoda nje, amevaa kitenge kipya, mizigo imepangwa tangu alfajiri.

"Mwangaluka," akatusalimia kwa Kinyamwezi, kisha akanigeukia. "Mume wangu! Kumbe ulinioa kweli. Umenijia na gari."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu."

"Mama, mume gani huyo?" Baba mdogo akasema huku akipakia magunia. "Hana hata nyumba."

"Ana gari. Wewe ulikwenda kuposa na baiskeli ya kuazima, ikakatika mnyororo getini kwa wakwe. Nikuelezee mbele ya mtoto?"

"Usielezee, Mama."

Tukapakia karanga, mtungi, kuku wawili, kigoda chenyewe, na kapu lake la vitu vya ndani. Chupa ya chai aliishika mwenyewe mapajani. Tukakaa watatu mbele, Bibi katikati. Njiani alituhadithia habari za babu yake, aliyekuwa mpagazi, ambaye alikwenda na kurudi pwani kwa miguu akibeba mizigo ya watu. Alikuwa akionyesha kwa kidole, hapa walipita, pale walilala, kama vile alikuwepo.

Jua lilikuwa limepanda. Tulipoipita Isikizya tukirejea, gari likashikwa na kwikwi. Linaenda, linasita, linaenda. Baba mdogo akakanyaga mafuta, likasita zaidi. Kisha likazima, tukajikokota mpaka pembeni ya lami, likasimama.

"Tumefika?" Bibi akauliza.

"Bado, Mama."

Nilishuka. Nikafungua boneti, nikaichomoa kabureta, nikaifungua juu ya kitambaa. Chini ya kibakuli chake kulikuwa na kitu cha njano, laini kama samli, na kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli kilikuwa kimezibwa kabisa. Nilikinusa. Sikuhitaji kuambiwa. Nikalala chali, nikajivuta chini ya gari. Ile nta yangu chini ya tenki ilikuwa imelegea kama uji, na petroli ilikuwa inadondoka, tone, tone, kwenye changarawe. Petroli ilikuwa imeila nta njia nzima na kuipeleka kwenye kabureta.

Nilibaki pale chini. Sikutaka kutoka. Niliona viatu vya Baba mdogo vinakuja, kisha magoti yake, kisha uso wake umeinama.

"Umeziba na nini hapo?"

Nikafuta tone la petroli kwa kidole.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Nta."

"Nta! Kwenye petroli?"

"Nilijaza maji, Baba. Haikuvuja kutwa nzima."

"Maji!" Akasimama. Sauti yake sasa ilikuwa inatoka juu. "Gari linakunywa maji hili?"

Nilitoka chini nikakuta ameshika simu. Alikuwa amefungua majina, kidole kinashuka. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na jua lilikuwa linamchoma mama yake ndani ya gari.

"Sioni sababu ya kungoja Jumatatu," akasema. "Akija hapa analikuta liko barabarani, hata kazi ya kulitoa uani haipo. Bibi yako tunamtafutia usafiri mwingine."

"Nani alimfundisha nta?" Bibi akauliza kutoka dirishani.

Nikajipangusa changarawe mgongoni. Nikaona aibu kumtaja.

"Nani, mume wangu?"

"Wewe, Bibi."

"Basi kosa ni la kwangu. Nishusheni."

Tukamshusha, mmoja huku, mmoja huku. Akaketi kwenye kigoda chake pembeni ya barabara, mbele ya kile kitambaa chenye vipande vya kabureta, kama mtu aliyekuja kuuza. Mimi nilikuwa nachokoa kile kitundu kwa waya mwembamba.

"Unafanya nini na huo waya?"

"Nazibua, Bibi."

"Nta huitoi kwa kuichokoa. Unaisukuma ndani zaidi. Nta inataka joto." Akatoa bakuli kwenye kapu lake, akafungua chupa. "Weka kwenye bakuli hako kadude kako."

"Bibi, chai ina sukari. Sukari itaharibu."

"Sukari walinikataza hospitali tangu mwaka juzi. Ni mchaichai na maji. Weka."

Nikaweka. Akamimina chai ya moto, kidogo kidogo. Tukangoja. Kisha juu ya chai vikaanza kuelea vijiduara vya njano, kimoja, viwili, vingi, kama mafuta kwenye mchuzi. Nikakitoa kile kipande, nikakiweka mdomoni, nikapuliza. Hewa ikapita. Mdomo wangu ukajaa ladha ya petroli na mchaichai, na nitakuwa naikumbuka maisha yangu yote.

Lakini tundu la tenki lilikuwa bado linavuja, na nisingeweza kuliziba tena kwa nta. Sikuwa na kitu kingine, wala sikujua kingine. Nilimtazama Baba mdogo. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, simu mkononi, ananitazama. Baadaye aliniambia kwamba tangu alipoona ile nta alikuwa anajua la kufanya. Angenyamaza tu, jambo lingekwisha, na hakuna ambaye angemlaumu. Lori likapita, upepo wake ukatikisa kitenge cha Bibi. Kisha akaitia simu mfukoni.

"Mama, una sabuni kwenye kapu lako?"

"Unataka kunawa? Huku porini?"

"Nataka mche wa sabuni, Mama. Ile ya kufulia."

"Mpya hiyo. Sijaikata."

"Nitakuletea nyingine."

"Wewe? Ulisema utaniletea redio." Lakini akaitoa.

Baba mdogo akakata kipande kwa kisu, akakitemea mate, akaanza kukikanda viganjani, kama Bibi anavyokanda nta, mwendo uleule. Akavua shati, akalala chali kwenye changarawe, akajivuta chini.

"Njoo," akasema. "Ukisimama huko hutaona."

Nikalala ubavuni kwake. Alikwangua nta yangu yote kwa kucha, petroli inamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, kisha akagandamiza sabuni kwenye tundu na kuishikilia kwa kidole gumba. Akahesabu kimoyomoyo. Alipotoa kidole, pale pakabaki pakavu.

"Nta ni kwa vitu vya maji," akasema taratibu. "Petroli inaiyeyusha. Sabuni maji yanaiyeyusha, lakini petroli haiiwezi. Unaona?"

"Naona."

"Baba yako ndiye aliyenifundisha. Chini ya gari hili hili, njia ya Nzega. Mimi nilikuwa nimetaka kuziba kwa ubuyu."

Alicheka, nami nikacheka, na kwa kuwa tulikuwa chini ya gari hakuna aliyetuona kama macho yetu yalikuwa na maji. Petroli inachoma macho, hilo kila mtu anajua.

Gari likawaka. Nta iliyobaki ndani ya tenki ilituzimisha mara moja tena, tukafungua kabureta tena, na chai ya mwisho ikaishia hapo. Kutoka pale Bibi alishika chupa tupu mapajani. Kila gari lilipositasita kidogo, sote watatu tuliegemea mbele, kana kwamba tunalisukuma kwa vifua. Tukaona nyumba za kwanza za mjini. Tukaona kibanda cha gemu, na vijana wametoka nje wamesimama. Wakapunga mikono. Getini kwetu Mama alikuwa amefagia, michembe ameihamishia kwenye mkeka chini.

Baba mdogo aliingia, akavipita vigingi vyake, akageuza polepole, akaliegesha pale mbele, upande wa barabara, nilipokuwa nimesema. Akazima. Akamshusha mama yake. Kisha akapiga simu, nami nikasimama mbali kidogo, nisisikilize, nikasikiliza.

"Usije Jumatatu," alisema. "Hapana. Hapana, linatembea. Nimefika nalo."

Chumba cha Bibi kilijengwa kwa wiki sita, na mchanga wote uliletwa na pikapu. Sasa Bibi ana dirisha linalotazama barabara. Siku moja aliomba nimwonyeshe lile bati la biskuti. Nikavifungua vyote thelathini na moja juu ya kitanda chake. Hakucheka. Alivishika kimoja kimoja, akavigeuza, akavitazama chini, mpaka akafika kwenye ile pikapu ndogo ya kijani.

"Hii shanga ni yangu," akasema. "Niliitafuta mwaka mzima." Akairudisha kwenye kitambaa chake, akaifunga mwenyewe.

Juzi nikampeleka sokoni, nikasahau tunapita wapi. Yule mama wa mitumba akaniona.

"Mtoto hajambo?"

Bibi akasimama. "Mtoto gani, mume wangu?"

Sikuwa na pa kujificha. Gari lilikuwa mbali.

Sasa niseme nililokuwa naogopa kuuliza kwa mdomo. Sabuni imeshika vizuri, lakini mvua zikianza, barabara ikijaa maji, maji yanaila kwa nje, na kila wiki mbili nalala chali naziba upya. Kama wewe unayesoma umewahi kuwa na tenki kama hili na ukapata dawa ya kudumu bila kuwasha moto, niandikie. Na kama huna tenki, lakini una bati la vigari mahali ambapo watu hawalioni, niandikie pia, niambie ulivyovipata na umetumia nini badala ya taa na magurudumu. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha kwa herufi kubwa. Usijali mwandiko wako. Nitachelewa kujibu, kwa sababu naandika kama mlivyoona, lakini nitajibu.